Siku Niliyoitika Jina la Marehemu

Iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, nayo ni siku niliyoitwa kwa jina la mtu aliyekufa, nikaitika. Sikulazimishwa na mtu, wala sikuwa nimelewa. Ilikuwa saa nne asubuhi, mjini Musoma, jua limeshapanda, watu wanapita na baiskeli zao, na mimi nimesimama kwenye baraza ya fundi cherehani nikiwa na akili zangu zote.

Umeniletea barua yako ya kuomba kazi nje niisahihishe Kiingereza. Nimeisoma. Ina makosa mawili matatu tu, tutayarekebisha. Lakini kabla sijashika kalamu, kaa kitako unisikilize, maana na mimi nilikuwa kijana mwenye Kiingereza chake, na nchi ilikuwa imekauka kuliko hii unayoilalamikia kila siku. Ninyi mmepunguzwa kazini kwa sababu kiwanda kimeuzwa, kimepata mwenyewe. Sisi kiwanda kilikuwepo na ajira ilikuwepo, ila hapakuwa na kitu cha kufanya wala cha kununua.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, huko Bunda. Pamba ililetwa ikarundikwa mpaka nje ya uzio, mashine zimekufa kwa kukosa vipuri, malori yamewekwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Tulikuwa tunakaa kutwa nzima tukiangalia pamba ya watu ikinyeshewa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na nguo ndiyo usiseme: nawajua watu wazima wawili, tena wenye heshima zao, waliokuwa wanapokezana suruali moja ili kila mmoja apate kwenda kanisani. Usicheke, mmoja wao nilikuwa mimi. Mama yangu alikuwa anaishi nyumbani kwetu Nyegina, na kila Jumamosi nilipofika mkono mtupu alinipokea mkoba wangu na kuutundika ukutani kwa uangalifu, kana kwamba ndani yake kuna kitu. Afadhali angenisema.

Wakati huo walimu walikuwa wanaikimbia nchi. Mwenye Kiingereza alikuwa anashika njia ya kusini, Botswana na kwingineko, kwa sababu tulisikia huko shule zinafunguliwa kila mwaka na walimu hawatoshi. Kiingereza nilikuwa nacho. Padri mmoja mzee pale misheni alinifundisha tangu shule ya msingi, nami nilikipenda, nikakisema hata peke yangu njiani. Nilichokosa ni cheti. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule.

Mwenye vyeti alikuwa kaka yangu Masatu. Tulikuwa tumbo moja, tumepishana miaka miwili. Alisomea ualimu, akapangiwa kazi Kibara, na huko homa ikamchukua kabla hajamaliza mwaka wa pili. Tulimzika nyuma ya nyumba. Siku ya kumaliza matanga, nguo zake ziligawiwa kama ilivyo desturi, isipokuwa koti lake la suti. Hilo mama alikataa lisitoke. Alilifungia pamoja na vyeti vyake kwenye sanduku la bati, akaliweka chini ya kitanda chake.

Umeshaelewa ninakokwenda. Nilingoja mama aende ziwani kuchota maji, nikafungua sanduku.

Basi ndiyo nikafika kwa yule fundi. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu mpole, babu zake walitoka Ujiji, na mjini hapa hakuna aliyemzidi kwa suti. Nilimwambia nasafiri, nataka alipunguze koti. Masatu alikuwa mtu mpana. Siku ya mazishi yake nilipewa nivae shati lake, na mikono yake ilinifunika mpaka kwenye kucha. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nililazimika kuikunja mara mbili ndipo nikaweza kushika koleo.

Mzee akaligeuza koti, akaziangalia nyuzi za ndani, akatabasamu.

"Hili nimelishona mimi," akasema. "Nilikushoneaga mwenyewe, wakati unaenda chuo. Wewe si Masatu?"

Nikaitika, "Naam, mzee."

Nilijiambia najizoeza tu, maana huko niendako nitaitwa hivyo kila siku. Akanivalisha. Akapitisha futi mabegani, mikononi, kifuani, kisha akafunua daftari lake la zamani, akaweka kidole kwenye mstari. Akapima tena. Halafu akaniangalia usoni.

"Sasa unataka nipunguze nini? Vipimo ni vilevile. Hujaongezeka, hujapungua."

Nikajitazama kwenye kioo chake. Koti lilinikaa sawasawa, mikono inaishia kwenye kifundo kama inavyotakiwa. Lakini kijana mwenye haja hana muda wa kuogopa. Nikasema basi, nalichukua hivyohivyo.

"Ila mimi nilisikiaga umefariki," mzee akasema.

"Uvumi tu huo, mzee wangu."

Akaikunja futi yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kama ni uvumi, pita nyumbani kwanza. Mama yako akuone na koti lako, akuite jina, roho yake itulie. Usisafiri, mjukuu wangu, wakati kuna watu wanakulilia. Si vizuri."

Mwanangu, yule mzee alinipa kila kitu nilichohitaji siku ile, nami nikachukua koti tu. Nilipita nyumbani, ndiyo, lakini nimelikunja ndani ya mkoba. Nilimwambia mama naenda Dar es Salaam kutafuta kazi, nitamwandikia. Akanitemea mate ya baraka kifuani, akaniita Bwire, jina alilonipa yeye, akasema nenda urudi. Pasi ya kusafiria kwa jina la Masatu niliipataje, hilo usiniulize, aliyenisaidia naye amekwisha kufa. Nikapanda treni ya Zambia, na baada ya siku nyingi za vumbi nikafika Botswana.

Kazi niliipata kabla chai haijapoa. Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja mcheshi, alisoma vyeti kwa kuvipitia tu, akanitaka nizungumze. Nikamweleza kwa Kiingereza habari za ziwa letu na majabali yaliyopandana kando yake, na jinsi dagaa wanavyoanikwa. Akacheka kwa furaha, akasema watoto wake watafaidi. Wiki ileile nikapewa nyumba yenye bati, kitanda, na meza. Dukani kwao sabuni ilikuwa imepangwa rafu nzima na hakuna aliyepanga foleni. Nilisimama mbele ya ile rafu kama mjinga.

Miezi ya kwanza walikuwa wakiniita Bwana Masatu nachelewa kugeuka. Baadaye nikawa nageuka upesi. Baadaye tena, hilo ndilo lililonitisha, hata nikiota naota naitwa hivyo, na anayeniita ni mama.

Nyumbani niliandika. Nakuapia niliandika, barua nne. Lakini barua zote za shule zilipitia kwa karani wa ofisi, mtu mmoja mwenye macho ya kuchunguza, nami niliogopa akiona jina jingine ataanza kuuliza. Kwa hiyo nyuma ya bahasha, pale pa mtumaji, niliandika Masatu. Ndani nikaandika, mama, mimi mwanao Bwire, mzima. Nikajiona mjanja kweli. Sikujibiwa hata moja, nikasema ni posta yetu hiyo, tutaijua tu.

Mwaka wa pili, asubuhi moja darasani, binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, kwenu wanakuita jina gani jingine?" Lilikuwa swali dogo la kitoto. Nikageukia ubao niliandike, nimeshika chaki, na jina halikuja. Niliandika B, nikakwama. Sisemi lilinitoka kidogo kama linavyokutoka jina la mtu uliyekutana naye sokoni. Nililitafuta nikakuta hakuna kitu. Watoto wakaanza kucheka. Nikafuta ile herufi, nikawaambia fungueni vitabu. Lilinirudia jioni nikichota maji, nikalitamka kwa sauti, likawa kama jina la jirani fulani wa zamani.

Nikakaa miaka minne. Niliporudi, nchi ilikuwa imebadilika. Biashara zimeachiwa huru, Musoma mjini mitumba imetandazwa mpaka barabarani, maduka yanauza redio. Nilikuwa nimebeba katoni mbili za sabuni tangu Botswana, zimenivunja mabega kwenye mipaka yote, na stendi ya Musoma nikakuta kijana anauza sabuni ileile kwenye karai. Nikajicheka. Nikavaa koti, ili mama aone mwanawe amerudi mtu, nikapata lifti ya trekta, kipande cha mwisho nikatembea.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, hata kivuli changu sikukiona. Njiani nilikutana na mama mmoja jirani yetu, mwenye kikapu cha mihogo kichwani. Nikamwamkia. Akasimama, akaniangalia kuanzia miguuni kupanda juu, akaingia shambani, akanigeuzia mgongo mpaka nikapita. Nikaona labda amezeeka, hanitambui. Mbele kidogo watoto waliokuwa wanacheza juu ya majabali wakanyamaza wote kwa pamoja. Nilisikia viatu vyangu tu.

Nilipokaribia kwetu nikasikia mama anaita. "Bwire! Bwire wee!"

Moyo ulinijaa, mwanangu. Nikasema kumbe ameniona kwa mbali. Nikaitika kwa sauti kubwa, "Naam, mama! Nakuja!" nikaanza kukimbia na katoni zangu. Na kabla sijafika, mtoto wa miaka kama mitatu akachomoka nyuma ya jabali, akanipita miguuni, akaenda kumshika mama nguo.

Mama akainua macho. Nilitegemea atapiga kelele, ataanguka, atalia. Hakushtuka hata kidogo, na mimi ndiye niliyeogopa.

"Masatu," akasema taratibu. "Umekuja. Mwenzako umemwacha wapi?"

Nikaangusha katoni. "Mama, ni mimi. Ni Bwire."

Akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtoto. "Bwire huyu hapa," akasema, akaingia ndani kunitengea kiti.

Dada yangu Nyangeta, aliyeolewa Bunda na siku hizo amekuja kumsaidia mama kilimo, ndiye aliyepiga yowe. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanusa shingo yangu kama tunavyofanya kwa watoto, akajua ni mimi, akaangua kilio. Kesho yake akaitwa shangazi yetu kutoka Butiama, maana ndiye mkubwa aliyebaki kwenye ukoo, naye akaniketisha chini akanieleza, Nyangeta akimalizia pale alipochoka.

Barua yangu ya kwanza ililetwa na katekista. Mama hajui kusoma, akamwomba amtajie imetoka kwa nani. Katekista akageuza bahasha, akasoma: Masatu. Mama, aliyemwosha Masatu kwa mikono yake mwenyewe, akaichukua barua ile, akakataa isifunguliwe na mtu yeyote. Wakaona ni mwandiko wangu, wakamwambia, huu ni mkono wa Bwire. Na mama akajibu kwamba basi wako pamoja, mmoja anataja na mwingine anaandika. Walinitafuta Dar es Salaam kwa watu waliokuwa wanakwenda, hakuna aliyenisikia. Barua nyingine zikaja, za jina lilelile. Kila moja mama aliipeleka nyuma ya nyumba, akaiweka juu ya kaburi la Masatu, akaigandamiza kwa jiwe.

"Halafu Nyangeta akazaa," shangazi akasema. "Mtoto akawa analia siku nne. Hana homa, ziwa anapewa anakataa."

Unajua desturi yetu, au labda ninyi wa mjini hamuijui tena. Mtoto mchanga akilia hivyo, wazee hukaa naye wakamtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina analolinyamazia ndilo lake, mwenyewe amelitaka. Jina la aliye hai halitajwi kabisa, ni mwiko, ni kumwita aondoke.

"Tulitajaga wote," shangazi akasema. "Babu zako, shangazi zako, wote. Tukataja Masatu, akalia zaidi, tukaogopa atakatika pumzi. Mama yako alikuwa amekaa pale mlangoni. Akasema, mtajieni Bwire. Mimi nikakataa. Akainuka mwenyewe akasema, Bwire. Mtoto akanyamaza palepale, akalala mpaka kesho yake."

Nikamuuliza Nyangeta ilikuwa lini. Akanitajia mwezi, wakati wa kuvuna mtama. Nikahesabu kichwani, nikamkumbuka yule binti wa dawati la mbele, na chaki, na ile herufi moja. Mpaka leo sisemi zaidi ya hapo.

Baada ya jina wakanyoa nywele, wakanililia siku zinazotakiwa, wakamaliza matanga yangu.

"Shangazi," nikasema, "mimi niko hapa. Nirudishieni jina langu."

Akanitazama kwa huruma, lakini hakuyumba. "Mtoto huyu analishikilia. Tukimnyang'anya ataondoka. Unataka hivyo? Wewe mwenyewe uliliacha, mwenzako akalikuta halina mtu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Barua zilikuwepo zote nne, chini ya mawe yake, zimenyeshewa na kukauka mara nyingi mpaka zimekuwa ngumu, midomo ya bahasha bado imefungwa. Nikazichukua, nikamwita mama akae nami kibarazani, nikafungua iliyosalimika kidogo nikamsomea: mama, mimi mwanao Bwire, mzima. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Unasoma vizuri," akasema. "Ulikuwaga unasoma vizuri tangu zamani, Masatu."

Katekista akaja akamweleza yote tangu mwanzo, vyeti, koti, pasi. Mama alielewa. Usidhani akili zilimruka, hapana. Alilima, alipika, alijua bei ya kila kitu sokoni. Aliitikia kwa kichwa kila katekista alipotua. Tulipomaliza akanipakulia ugali na sangara, akanisogezea maji ya kunawa, akasema, "Karibu ule, Masatu." Nilikula huku machozi yananidondokea kwenye sahani, na yule mdogo wangu wa jina amekaa mbele yangu ananitazama bila kupepesa.

Botswana sikurudi. Nilihamia hapa Kamunyonge, nikaanza kufundisha Kiingereza vijana wa jioni, na ninyi mkaniita Mwalimu. Nashukuru kwa hilo, linanitosha. Kila Jumapili nilikwenda Nyegina kumwona mama, na kila Jumapili nilitumaini labda leo. Sikuacha kutumaini hata mara moja, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Alipougua mara ya mwisho, nilikaa naye mchana mmoja, tukiwa wawili tu. Pumzi zilikuwa fupi. Akanishika mkono, akanivuta niiname.

"Masatu," akasema. "Wewe unaendaga na kurudi. Ukimwona Bwire, mwambie sikumkasirikia. Angerudi hata na mkono mtupu, ningempokea mkoba wake."

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

Sasa ndiyo nakuambia, mwanangu. Sikukatazi kwenda. Nchi ikikaza, mwenye lugha na atoke akatafute, Kiingereza chako kitakusaidia, na huko wapo watu wema watakaokufurahia. Lakini kuna jambo hukuniambia, na mimi nimeliona: vyeti ulivyoambatanisha si vyako, picha imebandikwa juu ya picha. Virudishe leo kwa mwenyewe, awe hai awe amekufa. Andika vichache ulivyonavyo, hata kama vitakupa kazi ya kufagia. Mwambie mama yako unakwenda wapi, mji gani, kwa nani, umwambie kwa mdomo wako, naye akiwa anakuangalia. Ukifika, andika, na nje ya bahasha uandike jina lako. Asipokujibu, usilaumu posta kama nilivyofanya mimi, rudi ukaangalie. Umaskini wa kurudi mkono mtupu ni aibu ya wiki moja tu, watu wanasema wanachoka. Hii yangu haina wa kuichoka.

Haya, lete kalamu tusahihishe. Na Mungu akutangulie, akufungulie milango huko uendako, akupe kazi halali na kitanda kisicho na maswali. Akurudishe ukiwa mzima, umkute mama yako mlangoni, na siku hiyo akiita jina lako, ageuke mtu mmoja tu, nawe uwe ndiye.